Je, wajua kwa nini mshindi wa mdahalo wa urais hubadilika kati ya usiku na asubuhi?

Mdahalo wa Joe Biden na Donald Trump wa tarehe 27 Juni 2024 ulianza saa tatu usiku kwa saa za Atlanta, yaani saa kumi alfajiri ya tarehe 28 kwa saa za Moshi. Asubuhi hiyo, katika kijiwe cha kahawa karibu na Soko la Mbuyuni, aliyekuwa ameutazama wote alikuwa mtu mmoja tu, mwalimu mstaafu aliyewahi kuwa jaji wa midahalo ya shule za sekondari kwa miaka mingi. Wengine walikuwa wameona vipande vya video vilivyozagaa kwenye makundi ya WhatsApp, na hao ndio waliokuwa na uhakika zaidi.

“Shikamoo, Mwalimu. Huyu mzee si kapigwa?” aliuliza dereva mmoja wa bodaboda huku akimsogezea simu.

“Marahaba. Kapigwa kwa hoja gani?”

Kijana hakukumbuka hoja hata moja. Alichokikumbuka ni uso wa Biden, mdomo ukiwa wazi, wakati mwenzake akizungumza.

Kumbukumbu hiyo si ya ajabu. Waandaaji walikuwa wameondoa watazamaji ukumbini na kuzima kipaza sauti cha mgombea ambaye zamu yake haikuwa imefika, lakini kamera iliendelea kuwaonyesha wote wawili bega kwa bega. Kwa hiyo kila mmoja alihukumiwa hata alipokuwa amenyamaza. Rais George H. W. Bush alilipata hilo tarehe 15 Oktoba 1992 mjini Richmond, aliponaswa akitazama saa yake ya mkononi katika mdahalo ambamo wananchi wa kawaida ndio waliokuwa wakiuliza maswali. Watu wengi waliitafsiri ishara hiyo kuwa amechoka kuwasikiliza.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni ule wa Chicago, tarehe 26 Septemba 1960, John F. Kennedy alipokabiliana na Richard Nixon mbele ya watazamaji wapatao milioni 70. Nixon alikuwa ametoka kuugua goti lililompeleka hospitali, amepungua mwili, na suti yake ya kijivu ilififia mbele ya ukuta uliokuwa nyuma yake. Husimuliwa kwamba waliotazama televisheni walimpa ushindi Kennedy, na waliosikiliza redio wakampa Nixon. Mimi nashauri simulizi hilo lipokewe kwa tahadhari, kwa sababu ushahidi wake umetegemea hasa uchunguzi mmoja wa maoni uliokuwa na wasikilizaji wachache wa redio, na haijulikani ni wangapi kati yao waliokuwa wakimpenda Nixon tangu awali.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatokana na kilichotokea baada ya taa za studio kuzimwa. Tarehe 6 Oktoba 1976, mjini San Francisco, Rais Gerald Ford, aliyekuwa akichuana na Jimmy Carter, alisema kwamba Ulaya ya Mashariki haikuwa chini ya utawala wa Kisovieti, ilhali wakati huo ilikuwa chini yake. Wengi wa waliohojiwa usiku uleule hawakulitilia maanani jambo hilo, lakini magazeti na televisheni viliporudia kauli hiyo siku iliyofuata, idadi ya waliosema kuwa Jimmy Carter ndiye aliyeshinda ilipanda sana. Watu walikuwa wamesikia maneno yaleyale; kilichoongezeka ni kuambiwa kwamba hapo ndipo palipokuwa na kosa. Mwaka 2000 mambo yalikuwa hivyohivyo kwa Al Gore, ambaye baadhi ya kura za maoni za papo kwa papo zilimweka mbele kidogo ya George W. Bush, hadi mihemo yake ya kuonyesha kuchoshwa na mpinzani ilipokusanywa na kurushwa tena na tena.

Kumbukumbu ya mdahalo wa dakika 90 haiwezi kubeba kila kitu, hivyo hushika kile kinachorudiwa, na kinachorudiwa ni kifupi, kinaonekana, na hakihitaji maelezo. Takwimu haina sura. Mhemo unayo.

Hii haimaanishi kwamba uwasilishaji ni pambo tu. Sauti ya Biden ilikuwa imekauka na mara kadhaa alipoteza mwelekeo wa sentensi. Hilo lilikuwa jambo halali la kupimwa kwa mtu anayeomba kazi ya urais, na tarehe 21 Julai alijiondoa katika kinyang’anyiro. Mwalimu naye alikiri kwamba katika uwasilishaji alimpa Trump alama nyingi zaidi. Lakini alikuwa amefuata desturi ya shuleni, ambako jaji huandika alama za msemaji kabla msemaji mwingine hajasimama, hoja kwa safu yake na uwasilishaji kwa safu yake, ili makofi yasimpotoshe. Karatasi yenyewe, iliyochanwa kwenye daftari la mjukuu, ilikuwa mfukoni mwa shati.

Aliikunjua mezani na kuonyesha sifuri mbili. Moja ilikuwa ya Trump, aliyeulizwa kuhusu gharama za malezi ya watoto wadogo, akakumbushwa swali, na bado akazungumzia mambo mengine. Ya pili waligawana: waliulizwa kuhusu umri wao, wakaishia kubishana nani hodari zaidi wa gofu.

“Gofu?” kijana alishangaa, akaanza kutafuta kwenye simu yake. “Mbona hiyo sijaiona?”

“Haimo kwenye kipande chako,” alisema Mwalimu, akaagiza kahawa nyingine.