"Ikifutwa bado ipo humo ndani": dhana zinazonichosha kuhusu faili zilizopotea

Wiki hii nimeisikia mara tatu. "Fundi, nimefuta kwa bahati mbaya, lakini najua bado ipo humo ndani, wewe itoe tu." Wanaisema kwa utulivu wa mtu aliyesahau mwavuli kwa jirani.

Dhana hii haikuzuka bure. Kwenye hard diski, ile yenye sahani zinazozunguka, ukifuta faili kompyuta haigusi yaliyomo. Inaondoa jina kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi hiyo iko wazi. Kibao cha mlangoni kimeng'olewa, vyombo vyote vimo ndani, na vitakaa mpaka aje mpangaji mpya. Programu za kurejesha faili hupita mlango kwa mlango zikichungulia. Kwa njia hiyo nimeshatoa tasnifu nzima nzima, na wenyewe wakaenda kuwasimulia wenzao kwamba kila kitu hurudi. Ndiyo maana najilaumu kidogo.

Laptopu nyingi za siku hizi hazina sahani yoyote. Zina SSD, yaani diski ya chipu tupu, na SSD ina tabia zake. Chipu zake haziwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza zisafishwe, tena bloku zima, yaani fungu la kurasa nyingi za data, kwa mpigo. Ili kazi hiyo isirundikane, ukishamwaga pipa la taka mfumo endeshi hutuma amri iitwayo TRIM kuiambia diski kwamba kurasa hizo hazihitajiki tena. Windows inafanya hivyo tangu toleo la 7, mwaka 2009. Kuanzia hapo diski husafisha kwa wakati wake, na nyingi, hata kabla hazijasafisha, ukiziuliza palikuwa na nini zinakujibu sifuri.

Nilikaa na mteja mmoja tukilitazama jambo hilo kwenye kioo. Programu ilichanganua diski yote ikaleta faili yake: jina lipo, tarehe ipo, ukubwa ni uleule. Alitabasamu. Nikaifungua tuone yaliyomo, ikawa 00 00 00 00, mstari baada ya mstari hadi chini. Akaniuliza kama nimejaribu programu ya kulipia. Programu ya kulipia inasoma sifuri zilezile, ndugu yangu. Vighairi vipo, kwa mfano baadhi ya SSD za nje zinazochomekwa kwa USB hazifikiwi na amri hiyo, lakini hicho si kitu cha kukiwekea kazi yako ya miaka minne.

Simu ni mbaya zaidi. Simu za sasa husimba data zake, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, funguo za usimbaji huharibiwa. Hata chipu ukiing'oa na kuisoma peke yake utapata fujo tupu. Yule anayekuahidi picha zote baada ya hapo, muulize atazipata wapi.

Kinachonitia hasira hasa ni wanachofanya kabla ya kunifikia. Faili imefutwa kwenye hard diski, kwa hiyo nafasi ya kuirudisha ilikuwepo. Mtu anaingia mtandaoni, anapakua programu ya kurejesha faili, anaisakinisha kwenye diski ileile, na faili zinazopatikana anazihifadhi humo humo. Huyo ndiye mpangaji mpya, na amekuja na lori la samani. Hata ukikaa kimya, kompyuta iliyowashwa inaandika masasisho na takataka za kivinjari. Zima. Chomoa diski, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, itolewe kwanza taswira yake yote, yaani nakala kamili ya kila kilichomo, na kazi ifanyike kwenye taswira hiyo.

"Diski inayogonga iweke kwenye friza." Hapana. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, nawe unakiongezea unyevu. Ukisikia tak-tak-tak, usiiwashe tena. Kila ukiiwasha kichwa kinaweza kuikwangua sahani, na hakuna fundi anayesoma unga.

"Nina bakapu, iko D." Mara nyingi D ni chumba cha pili cha nyumba ileile, kipande cha diski hiyohiyo. Diski ikifa vinakwenda vyote.

"Zangu ziko kwenye wingu." Kama ni kusawazisha tu, ukifuta kwenye simu inafutika na kwenye laptopu. Google Drive huacha faili kwenye taka siku 30, na wateja wangu huja siku ya 40. Diski ya nje iliyochomekwa muda wote nayo si kinga: virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, husimba na diski zote zinazoonekana. Nakili, kisha chomoa. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ilale jengo lingine.

"Bakapu yangu inajiendesha yenyewe." Hii hata mafundi wanaiamini. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni kazi za waandishi wa programu, aliyekuwa kazini usiku alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo hakuikusudia. Njia za bakapu zilikuwa kadhaa. Walipozigeukia wakakuta ile ya kila siku inashindwa kimya kimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naichukua diski ya bakapu kwa dada yangu, nachagua faili moja bila mpango, nairejesha kwenye kompyuta tofauti na kuifungua. Anasema nimezidi. Mwezi wa pili haikufunguka. Kumbe nilikuwa nimehamisha folda na kuacha njia ya mkato mahali pake, na programu ikawa inanakili njia ya mkato peke yake, kwa wiki kumi na moja.