Je, Wajua Kwa Nini Kodi ya Bangi Hulipia Kumwepusha Kijana na Bangi?

Jioni moja, kwenye baraza la Barabara ya 8, Ngamiani, jijini Tanga, bao lilisimama kidogo kupisha kahawa, na mzee mmoja akauliza: "Huko Marekani bangi inauzwa dukani na serikali inatoza kodi, kisha kodi hiyohiyo inalipia kuwakanya watoto wasiivute. Wanangu, huko si kujenga kwa mkono huu na kubomoa kwa ule?" Hakuna aliyemjibu papo hapo, nami nimeona swali lake linastahili jibu lililotulia.

Kwanza tuelewane kwamba sheria ya shirikisho ya Marekani bado inakataza bangi, na walioihalalisha ni majimbo, kila jimbo kwa utaratibu wake. Wapiga kura wa Colorado waliamua mwaka 2012 na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Wa California waliamua mwaka 2016 na mauzo yakaanza tarehe 1 Januari 2018. Kote huko asiyetimiza miaka 21 haruhusiwi kununua bangi ya starehe.

Sababu za kuitenga kodi hiyo kwa ajili ya vijana ni mbili. Ya kwanza ni haki: biashara yenye madhara ichangie gharama za madhara yake, na ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo anayeanza kuvuta mapema ndiye anayehatarika zaidi. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni kwamba kinga haionekani. Hospitali ikijengwa utepe hukatwa na watu wakapiga makofi, lakini kijana ambaye hakuanza kuvuta hana wa kumpigia picha, na ndiyo maana bajeti ikibana, fungu la kinga huwa la kwanza kupunguzwa. Sheria inapolitengea mfuko wake, hulilinda lisinyang'anywe kirahisi.

Tuangalie California kwa karibu. Mtu akinunua bangi ya dola 40, ushuru wa asilimia 15 ni dola 6. Fedha hizo haziendi kwa vijana moja kwa moja: kwanza hukatwa gharama za usimamizi, kisha mafungu yaliyotajwa kisheria, kama vile utafiti wa vyuo vikuu vya umma. Kinachosalia ndicho hugawanywa, asilimia 60 kwa elimu, kinga na tiba ya vijana, 20 kwa mazingira na 20 kwa usalama. Kwa hiyo hata kama makato ya mwanzo yasingekuwapo, kijana angepata dola 3 na senti 60 tu katika zile 6.

Hapo ndipo wasiwasi wa mzee unapopata mashiko. Neno "vijana" ni pana, na sehemu kubwa ya fungu hilo imelipia malezi ya watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo, jambo jema kabisa, ila si sawa na kumshughulikia kijana wa miaka 15 anayeshawishiwa kijiweni. Huko Colorado nako, katika miaka ya mwanzo, dola milioni 40 za kwanza za ushuru wa bangi inayouzwa kwa jumla zilielekezwa kwenye ujenzi wa shule. Tena mfuko unaotegemea mauzo huyumba pamoja nayo: mwaka 2025 California ilipandisha ushuru hadi asilimia 19 mwezi Julai, wafanyabiashara wakalalamika, na kufikia Oktoba ukarudishwa 15, ingawa watetezi wa fedha za watoto walipinga.

Kwetu bangi ni haramu chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kwa hiyo hakuna kodi ya kuigawa. Lakini bia na sigara zinatozwa ushuru, na mfano wa kuutumia upo: tangu mwaka 2001 Thailand huongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, na fedha hizo huendesha mfuko wa kukuza afya. Nchini Iceland nako, jiji la Reykjavik huchangia ada za watoto za michezo na sanaa, huku wazazi wakikubaliana saa za watoto kuwa nyumbani, na ulevi wa vijana wa miaka 15 na 16 ulishuka sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hapa Tanga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu, kwa waraibu wa heroini, na nyumba za upataji nafuu huwapokea waliokwisha kuumia. Huo ni msaada wa baada ya ajali. Fungu ninalolitamani ni la kabla yake, la kununua mipira na kumlipa mwalimu anayeshinda na watoto uwanjani kuanzia saa tisa alasiri hadi adhana ya magharibi, saa ambazo mama yuko gengeni na kijiwe kimeshafunguliwa.