Seva haitoi moshi, lakini hewa ukaa yake inahesabika

Kampuni ikihamishia huduma mtandaoni, ripoti yake hujaa karatasi zilizookolewa na safari zilizopungua. Umeme wa mfumo wenyewe hauonekani popote. Sioni sababu, maana hesabu yake ni ya kuzidisha tu.

Chukua seva, yaani kompyuta inayohudumia watumiaji kupitia mtandao, inayovuta wastani wa wati 300 usiku na mchana. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo inakula yuniti (kilowati-saa) 2,628. Hapo hujagusa viyoyozi, betri za akiba na umeme unaopotea njiani. Vituo vya data hugawanya umeme wote unaoingia jengoni kwa ule unaofika kwenye mashine. Jibu likiwa 1.5, yuniti zinapanda hadi 3,942. Sasa zidisha kwa hewa ukaa ya gridi, yaani mtandao wa umeme unaolisha jengo. Gridi ya kilo 0.5 kwa yuniti inakupa kilo 1,971, karibu tani mbili. Gridi ya kilo 0.05, inayotegemea zaidi maji na upepo, inakupa kilo 197. Seva ni ileile na kazi ni ileile, ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza mashine iko wapi kabla ya kuuliza inaendesha programu gani.

Usichukue wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Huo ni upeo wake, si matumizi. Funga mita kwa wiki nzima, wikendi ikiwemo. Utakuta seva isiyo na kazi bado inavuta umeme mwingi tu. Kazi za seva kumi zilizosinzia zikihamishiwa kwenye mbili, kisha nane zikazimwa kabisa, umeokoa kweli. Lakini mara nyingi nane hizo hubaki zinawaka "kwa tahadhari" miaka na miaka, na hapo ndipo miradi mingi hufia.

Vifaa vya watumiaji vina hesabu tofauti: sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu hutoka kiwandani, kabla haijawashwa. Tuseme kompyuta mpakato ilitengenezwa kwa kilo 250 za hewa ukaa. Ikitumika miaka mitatu ni kilo 83 kwa mwaka. Ikifika mitano ni 50. Kubadilisha betri kunatosha mara nyingi.

Tatizo gumu zaidi liko kwenye biashara. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza kwamba injini zinazotumia makaa machache kwa kazi ileile ziliongeza matumizi ya makaa Uingereza. Programu ya kupanga njia za magari hufanya hivyohivyo: inapunguza kilomita kwa kila mzigo, kisha kampuni inaahidi kufikisha siku hiyohiyo na magari yanaondoka nusu tupu. Kwa hiyo andika takwimu mbili, ya kila mzigo na ya jumla. Seva za kukodi pia zisiachwe. Kwa kanuni za GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu hewa chafu, kwa kawaida huingia kundi la 3, yaani hewa chafu inayotoka kwa wengine wanaoihudumia kampuni au kutumia bidhaa zake, pamoja na vifaa ulivyonunua.