Mteremko hauporomoki kwa utelezi

Tope lilipoteremka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, na kufunika sehemu za mji wa Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, yalirudi maelezo tunayoyasikia kila msimu wa mvua: maji yamelainisha udongo, ukateleza. Wazo hilo ni la zamani, na hata wahandisi waliwahi kulishikilia. Lakini sivyo.

Udongo wa mteremko husimama kwa sababu chembe zake zinakandamizana na kusuguana. Kati ya chembe kuna vinafasi. Vikiwa na unyevu kidogo tu, maji hayo huzivuta chembe zishikamane. Ndiyo maana mchanga mbichi wa ufukweni hufinyangika, na mkavu humwagika. Mvua ikizidi kuzama, vinafasi hujaa, mvuto ule hupotea, kisha maji yaliyokosa pa kutokea huanza kusukuma. Chembe hazikandamizani tena kama mwanzo, na msuguano hupungua. Mhandisi Karl Terzaghi, mwasisi wa sayansi ya mekanika ya udongo, alilifafanua jambo hili katika miaka ya 1920. Uzito wa maji nao huchangia, ila si kiini.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kudhani mvua ikikatika hatari imekwisha. Katika udongo wa mfinyanzi maji huzama polepole, na mteremko unaweza kuporomoka siku kadhaa baadaye, jua linawaka. Ukiona ufa mpya uliopinda juu ya shamba, chemchemi iliyogeuka tope ghafla, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, toa watu kwanza, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji.