Kroslinkingi ya macho: inafunga, hairudishi

Mwaka jana mama mmoja wa Bombo alinijia na kijana wake wa miaka 16, akatoa miwani nne kwenye mkoba akazipanga mezani kwangu moja moja kama mtu anayeuza. "Daktari, hizi zote nimenunua ndani ya miaka miwili, nikimaliza kulipa hii haoni tena, sasa niambie, naibiwa ama huyu mtoto ananidanganya?"

Sikumjibu haraka maana nilikuwa namwangalia kijana. Mama anaongea, yeye anasugua jicho la kulia kwa kifundo cha kidole, anakizungusha kama anasaga karanga. Nikamwambia aangalie chini, kope ya chini ikasukumwa mbele ikachora kitu kama V. Hapo nilishajua. Ramani ya konea ilikuja tu kunipa namba: dioptri 54 (hicho ni kipimo cha jinsi konea ilivyochongoka) pale penye mwinuko, na konea ya kawaida inacheza kwenye 43, 44 hivi.

Ni keratokonasi. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, unene wake kama nusu milimita tu, na uimara wake unatoka kwa nyuzi za kolajeni, protini inayoushikilia mwili, zilizolala safu juu ya safu. Sasa fikiria mkeka, zile ukili zinasukwa ndefu halafu zinashonwa pamoja, si ndio? Ushonaji ukilegea ukili zinaanza kuachana pale katikati unapokalia, ingawa ukili zenyewe hazijakatika. Konea nayo hivyo hivyo, presha ya ndani ya jicho inaisukuma kila saa, inakonda, inachongoka kama koni, na miwani haiwezi kunyoosha picha iliyopinda ovyo namna hiyo. Ukiongeza aleji ya macho na kule kusugua, ndiyo unamalizia kabisa, na hapa kwetu watoto wenye aleji ni wengi mno.

Kroslinkingi, tiba ya ugonjwa huu, ni kushona upya, yani kuzifunga zile nyuzi za kolajeni zishikane. Na si uchawi mpya bana, ngozi ya ng'ombe ikiwa mbichi inaoza, ukiilowesha kwenye maji ya magome yenye tanini inakuwa ngozi ya viatu, hapo umefunga kolajeni kwa kolajeni. Formalini tunayowekea kipande cha nyama kikienda maabara inafanya kazi ya jamii hiyo, inafunga protini zibaki pale pale zilipokuwa, na watafiti wanaitumia kukamata protini zilizoshikana na DNA halafu baadaye wanavifungua vile vifungo kwa joto. Hata sukari ikizidi kwenye damu inafunga kolajeni, ndiyo maana ilishaonekana kwamba keratokonasi haiwapati sana wagonjwa wa kisukari (usiende kula sukari kwa sababu yangu, tafadhali).

Lakini formalini huwezi kummwagia mtu jichoni. Kazi ya Wollensak, Spoerl na Seiler kule Dresden, Ujerumani, ilikuwa kupata kitu kinachofunga bila kuua jicho, wakaja na riboflavini, yani vitamini B2, pamoja na mwanga wa UVA (urujuanimno, ule usioonekana kwa macho). Konea za watu walizozipima maabara ziliongezeka ugumu zaidi ya mara nne. Mwaka 2003 wakatoa matokeo ya macho 23 ya wagonjwa, ugonjwa ulisimama. Marekani wameidhinisha 2016.

Mezani inakuwa hivi: dawa ya ganzi ya matone, nakwangua ile ngozi nyembamba ya juu ya konea, duara la milimita 8 au 9, natonesha riboflavini nusu saa mpaka jicho linakuwa la njano, halafu taa ya UVA nusu saa nyingine. Mwanga unaichokoza riboflavini, riboflavini inaichokoza oksijeni, na oksijeni iliyochokozwa ndiyo inayounganisha nyuzi. Riboflavini ina kazi ya pili ambayo watu hawaisemi, inanyonya ule mwanga usifike chini kwenye seli za nyuma ya konea, zile zikifa hazioti tena. Ndiyo maana tunataka konea yenye unene wa maikroni 400 (milimita 0.4) kwenda juu. Ukichelewa ikakonda chini ya hapo, inabidi tuivimbishe kwanza kwa riboflavini nyepesi, na hiyo ni kubahatisha zaidi kuliko ninavyopenda.

Kuna wanaoniuliza kama inatibu pia vidonda vya fangasi, vile vya mkulima aliyechomwa na jani la muhindi. Kwa vya ndani mimi hapana, India walijaribu wakasimamisha kwa sababu macho yalikuwa yanatoboka.

Nilichomwambia yule mama, na namwambia kila mtu kabla hajatoa pesa: hii inafunga pale ilipofika, hairudishi. Wengine koni inashuka dioptri moja au mbili, mimi nahesabu hiyo kama nyongeza ya muuza nyanya. Mtu akishalipa akaamka bado haoni ubao anafikiri kaibiwa, na siku tatu za kwanza maumivu yake ni kama mchanga wa moto, hata ukiwa na lenzi ya bandeji, ile laini tunayofunikia kidonda. Mama akauliza, "Sasa nalipia nini?" Nikamwambia unalipia kesho asije kuhitaji konea ya marehemu. Akanyamaza, akazikusanya miwani zake.

Tulifanya la kulia, halafu la kushoto. Kilichoniuma ni kwamba zamani aliuziwa matone ya steroidi kwenye duka fulani la dawa akayatumia miezi na miezi bila kupimwa presha ya jicho, na steroidi zinaweza kuipandisha, bahati yake ilikuwa haijapanda.

Juzi wamerudi, la kulia limekaa 53 na kitu, halijasonga. Sasa anavaa lenzi ngumu na anasoma mstari wa tatu kutoka chini. Nikiwa naandika kadi, mkono wa kijana ukaanza kupanda kwenda jichoni, mama hata hakugeuka, "Mkono!" Kijana akautia mfukoni.