Ukitaka picha ya mondo, zima injini

Wageni wanaokuja na lenzi nzito huwa na orodha ileile: simba, chui, duma. Mondo hawamtaji mpaka wamwone, na wakishamwona hawataki tuondoke. Mimi huongoza safari za picha huku Kanda ya Kaskazini ya Tanzania, na paka ninayemtafuta kwa hamu kuliko wote ni huyo. Mahali pa kumtafuta ni ndani ya kreta ya Ngorongoro.

Kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zake zinapanda kiasi cha mita 600. Chini humo mondo ana kila anachohitaji: nyasi za kujificha, maeneo ya majimaji ya Gorigor na Mandusi, panya tele na vyura. Halafu mondo wa kreta wameyazoea magari. Kwingine, ukimkuta barabarani alfajiri, mara nyingi unaona mkia tu ukizama majanini.

Yeye si paka mkubwa. Uzito wake ni kati ya kilo 8 na 18, ila kwa kulinganisha na mwili hakuna paka mwenye miguu mirefu kumshinda. Na masikio! Makubwa, yamesimama, karibu yanagusana utosini. Hayo ndiyo ninayotafuta kwa darubini. Bweha naye huonyesha masikio juu ya nyasi, na madereva wengi hudanganyika hapo, lakini ya bweha yameachana na yamechongoka zaidi. Mondo akikupa kisogo ni rahisi mno: nyuma ya kila sikio jeusi kuna baka jeupe, na jua la asubuhi likilipiga linaonekana kwa mbali.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha. Mondo huwinda kwa kusikia. Anaweza kusimama dakika nyingi pasipo kusogea, macho yamefumba nusu, ukadhani amesinzia. Hajasinzia. Anamsikiliza panya anayetembea chini ya majani, wakati mwingine chini ya udongo kabisa. Mtafiti Aadje Geertsema, aliyewafuatilia mondo wa kreta hii na kuchapisha kazi yake mwaka 1985, alikuta kwamba karibu nusu ya miruko yao ilipata windo. Simba hawafiki hapo. Tena mondo hawapendi kuwinda upepo ukivuma kwa nguvu, maana majani yakipiga kelele panya hasikiki.

Injini ya dizeli inayonguruma mita 15 kutoka kwake ni upepo mkali usiokoma. Nimeona mara nyingi: mondo yuko kazini, gari la kwanza linasimama na kuzima, anaendelea. Linakuja la pili, dereva anaacha injini ikiwaka kwa kuwa “tunapita tu”. La tatu linarudi nyuma likitafuta nafasi, huku redio inaita wengine. Mondo anainua kichwa, anageuza sikio moja huku, jingine kule, kisha anaondoka taratibu. Wageni watasema kachoka. Mnyama kazibwa masikio, atawindaje?

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Nikimwona naangalia kwanza anaelekea wapi. Ndani ya kreta haturuhusiwi kutoka nje ya barabara, na sheria hiyo naiunga mkono, basi siwezi kumfuata. Ninachoweza ni kutangulia. Mondo hupenda kutembea barabarani au kandokando yake, hasa nyasi zikiwa na umande. Naenda mbele kwa mbali, nalipa jua mgongo, nazima injini na redio, nangoja. Akibadili njia tumemkosa, na hilo huwa nawaeleza wageni tangu usiku wa kuamkia safari. Akija, atakuja mwenyewe, na picha ya paka aliyekuja mwenyewe utaijua kwa uso wake.

Wenye kamera wasipige kutoka juu ya paa lililofunguliwa. Najua ndiko wanakopenda kusimama, lakini ukimpiga mondo kutoka juu unapata mgongo na majani. Keti, teremsha kioo, laza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani ili isitikisike. Lenzi ya milimita 400 au 500 inatosha. Akitembea, kasi ya shata ya 1/800 ya sekunde ni salama. Kwa mruko usishuke chini ya 1/2000, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, maana picha yenye chenga inavumilika kuliko mondo aliyekuwa ukungu. Chagua nukta moja ndogo ya fokasi. Kamera za siku hizi zinazotafuta jicho la mnyama zenyewe ni nzuri sana kwa chui aliyelala mtini, ila kwenye nyasi huhangaika na kuishia kufokasi kwenye jani.

Mruko wenyewe una dalili. Kichwa kinashuka, masikio yote mawili yanalenga sehemu moja, kisha uzito unarudi miguu ya nyuma na makalio yanatikisika kidogo. Hapo ndipo kidole kinabonyeza. Ukisubiri aondoke ardhini utapata majani matupu. Na vuta lenzi nyuma kidogo uache nafasi juu yake, kwani huruka kwenda juu kwanza, ndipo atue na miguu ya mbele yote miwili kwa pamoja.

Wapo wanaoniomba nicheze sauti ya panya kwenye simu ili asogee. Sifanyi hivyo. Mnyama anayeishi kwa masikio yake ukimdanganya kwa sauti unamlia muda wa kuwinda.

Simbamangu, paka mwingine wa porini, ni habari nyingine. Huyo hatafutwi kwa ratiba. Unakutana naye Ndutu au Tarangire siku ambayo hukumpanga, na kwa kawaida ameshakuona zamani. Simwahidi mgeni simbamangu hata anilipe mara mbili. Paka pori yupo maeneo mengi, ila karibu na makazi ya watu huchanganyika na paka wa nyumbani, kwa hiyo kabla ya kushangilia angalia miguu mirefu na rangi ya kutu nyuma ya masikio.

Kuhusu msimu, mimi napendelea Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimepungua. Masika ni kijani kizuri, lakini mondo anapotea mpaka masikio.

Jambo la mwisho ni muda. Tunateremka kwa barabara ya Seneto geti likifunguliwa saa 12 asubuhi, na saa 12 jioni kila gari liwe limeshatoka. Ukiwa Gorigor, lazima uanze kuelekea barabara ya kupandia ya Lerai mapema, mara nyingi pale pale upepo unapotulia na mondo anapoanza tena kuwinda. Mgeni atanuna. Mwache anune, washa gari. Mara hiyo moja utawasha injini mbele ya mondo, na hakuna namna.