Fansevisi: nyongeza ya mteja wa siku nyingi

Neno fansevisi lina sura ya Kiingereza, ila maana yake imepikwa Japani. Kule "sabisu" ni kile muuza duka anachokutilia bure kwa kuwa wewe ni mteja wake. Sisi jina lake tunalo siku zote: nyongeza. Ndiyo ile nyanya moja anayokutupia mama wa gengeni baada ya kulifunga fungu lako.

Mwanzoni wapenzi wa katuni za Kijapani walilitumia zaidi kwa picha za wasichana waliovaa nusunusu, zilizochomekwa bila hadithi kuzihitaji, na wapo ambao hadi leo wakilisikia wanawaza hayo tu. Kwenye tamthilia na filamu za kisayansi zinazoendelea miaka nenda miaka rudi, limepanuka. Ni chochote kinachowekwa kwa ajili ya yule aliyekuwapo tangu zamani: mhusika aliyestaafu anarudi, chombo cha kale kinaonekana tena, mtu anatamka maneno yaliyowahi kutamkwa miaka ishirini nyuma.

Wengi hulidharau, wanasema ni pipi ya kumnyamazishia mtoto. Mimi nadhani wanachanganya nyongeza na kipimo. Nyongeza huja juu ya kilo iliyokwisha kupimwa.

Chukua Star Trek, hadithi ya Kimarekani ya wasafiri wa anga za juu, iliyoendelea kwa tamthilia na filamu nyingi. Mwaka 1992, sehemu moja ya Star Trek: The Next Generation ilimrudisha Scotty, mhandisi wa mfululizo wa kwanza ulioanza 1966. Anaokolewa baada ya kukwama miaka 75 ndani ya mtambo wa kusafirishia watu. Anaingia chumba cha injini, anataka kusaidia, na kila anachokijua kimepitwa na wakati. Vijana wanamwona kero. Basi anaenda baa, na Data, yule mtu-mashine, anamtafutia chupa ya kinywaji halisi. Kinywaji gani? Data anainusa, anaikagua, anashindwa kuitaja, mwisho anasema tu kwamba ni cha kijani. Mtazamaji mgeni anacheka kwa sababu mashine inayojua kila kitu imekwama. Mkongwe anacheka mara mbili: mwaka 1968 Scotty mwenyewe, akiwa amelewa, alikieleza kinywaji chake hivyohivyo.

Kisha mzee anakwenda na chupa yake kwenye chumba kinachoweza kuigiza mahali popote, anaomba kioneshwe chumba cha usukani cha Enterprise, chombo chake cha angani. Kompyuta inamuuliza Enterprise ipi, maana zimekuwapo tano. Anaijibu kwa hasira: ile ya kwanza, isiyo na herufi yoyote mwishoni mwa namba yake. Mlango unafunguka, na hapo ndipo shabiki wa 1966 machozi humlengalenga. Lakini hata asiyewahi kumwona Scotty anaelewa kinachoendelea: mzee asiye na kazi amerudi kuketi kwenye nyumba ambayo haipo tena. Kilo imejaa. Sauti za ile mitambo ya zamani ndizo nyongeza.

Sasa linganisha na Star Trek Into Darkness ya 2013. Kabla filamu haijatoka, adui alitangazwa kwa jina la John Harrison. Katikati ya filamu anatamka kwa uzito wote kwamba yeye ni Khan. Ukumbini, waliokuwa wakilijua jina hilo la adui wa mfululizo wa kwanza tangu 1967 wanashtuka. Ila nahodha Kirk na msaidizi wake Spock waliosimama mbele yake, vijana wa toleo jipya la hadithi? Jina haliwaambii kitu, hawajawahi kulisikia. Inabidi Spock ampigie Spock mzee, yule wa hadithi ya zamani, kumuuliza huyu bwana ni nani! Baadaye kifo cha Spock cha filamu ya 1982 kinarudiwa kwa kugeuzwa, safari hii Kirk ndiye aliye nyuma ya kioo. Kile cha mwanzo kilikuwa na urafiki wa miaka mingi nyuma yake, na hiki kina filamu moja. Muuzaji amekupa nyanya ya ziada, fungu amebaki nalo.

Deni la hadithi hizi kwa mashabiki, hata hivyo, ni la kweli. Mwaka 1968 kituo cha televisheni cha NBC kilimiminiwa barua za kuomba Star Trek isifutwe, na msimu wa tatu ukatengenezwa. Chombo cha anga cha majaribio cha NASA kilichokuwa kiitwe Constitution kilitoka mwaka 1976 kikiitwa Enterprise, baada ya barua nyingine kufika Ikulu ya Marekani. Watu wa namna hiyo huwezi kuwapimia sawa na mpita njia.

Na kile chumba cha usukani alichoketi Scotty? Fedha za kukijenga chote upya hazikuwapo. Watengenezaji walijenga upande mmoja, wakachanganya na picha za zamani. Kiti cha nahodha na meza ya usukani walivipata kwa shabiki mmoja, aliyekuwa amejitengenezea vyake.